Viporo vya Miaka Mitano

Moonta, Australia Kusini
Jumapili, 3 Machi 2024

Dada Mez,

Kwa majonzi makubwa, na baada ya kushauriana na familia nzima, yaani mke wangu Roslyn na mbwa, nakutangazia rasmi kwamba kamati ya klabu ya matufe, haya tunayobingirisha kwenye nyasi, imenishusha kutoka timu ya pili hadi timu ya tatu. Timu ya nne hakuna. Bendera ya klabu haikushushwa nusu mlingoti, lakini nilimwona mchezaji mwenzangu Clarrie Hocking akifuta macho kwa leso. Roslyn anasema alikuwa anacheka. Mimi nimeyapokea kama rambirambi.

Hujambo lakini? Sisi hatujambo. Joto la huku halijaambiwa kwamba kiangazi kimekwisha. Roslyn amejaribu tena kuoka pasti kwa kanuni ya Mama, nyama na viazi na tanipu ndani ya unga, na kwa mara nyingine ukingo umefumuka kama suruali yangu ya harusi. Nimekula nne kwa ajili ya amani ya nyumba.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Mara ya mwisho tulipopigiana ulinikatia, na mara ya kabla yake nilikukatia mimi. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi.

Haya, la maana. Fungu lako la kile kiwanja cha Baba cha Port Hughes tulichokiuza limeshaingia benki kwako, nami langu nimelipata. Nikaenda kwa mhasibu wetu wa Kadina kumwonyesha furaha yangu. Akaniangalia juu ya miwani.

"Denzil, unajua faida hii inahesabiwa kwenye pato lako la mwaka huu?"

"Sasa najua."

"Na kodi yake unaijua?"

Akanitajia. Nikaomba maji.

Lakini kuna njia, dada, na ni halali kabisa. Kila mwaka serikali inaruhusu mtu aweke kwenye mfuko wake wa uzeeni kiasi fulani, na kiasi hicho hutozwa kodi ndogo badala ya kodi ya kawaida. Kina kikomo chake. Ambaye hakukifikisha kikomo miaka iliyopita, nafasi iliyobaki haifi papo hapo. Inamsubiri miaka mitano, kama kiporo kwenye friji, na mwaka akipata pesa kubwa anaweza kuvila viporo vyote kwa mkupuo. Sharti akiba yake yote ya uzeeni isifike dola nusu milioni. Wewe na mimi na mbwa tukijumlishwa hatufiki.

Viporo vyako lazima viwe vingi. Niandikie.

Na mbona anwani kwenye bahasha yako ya Januari ilikuwa na herufi kubwa hivyo, kama bango la mnada?

Nduguyo,
Denzil

*

Launceston, Tasmania
Jumatatu, 25 Machi 2024

Mdogo wangu uliyeshushwa daraja,

Pole. Mpe Clarrie leso nyingine.

Hapa baridi imeanza kupiga hodi asubuhi, na mimi nimeshaanza kuwasha kuni kabla ya chai. Jirani yangu Bronwyn amefuga kuku sita wasiotaga ila wana maoni juu ya kila kitu. Ungekaa nao vizuri. Kazini hakuna jipya. Hospitali ina mashuka, na mashuka ya hospitali hayaishi. Tunafua, tunakausha, tunakunja, kesho yamerudi.

Sasa nikujibu. Unasema "viporo vyako lazima viwe vingi", kana kwamba nilikuwa nimelala. Nikukumbushe. Mwaka 2018 Mama aliletwa kwangu na redio yake, kapu la sufu, na ile tabia yake ya kuita "Merilyn!" mtu akishafika mlangoni. Nilipunguza kazi kutoka siku tano kwa wiki hadi mbili. Nikakaa hivyo mpaka tulipomzika, 2022. Mshahara wa siku mbili unaweka nini kwenye mfuko wa uzeeni? Vumbi. Ndivyo viporo vyangu vilivyopikwa, Denzil.

Sikasiriki. Nimekwambia tu.

Na hiyo pesa nikishaitia huko, si inafungwa? Nina umri wa miaka sitini na moja. Napenda pesa yangu ikae benki, niende nikaiulize hali.

Herufi kubwa ni kalamu mpya.

Mez

*

Moonta
Jumapili, 14 Aprili 2024

Dada Mez,

Salamu kutoka timu ya tatu. Jana tulifungwa na watu wawili ambao jumla ya magoti yao mazima ni moja. Roslyn hajambo. Mvua bado, wakulima wanaangalia mbingu, na sisi wa ghala la nafaka tunawaangalia wakulima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Una haki ya kunisuta. Wewe ulimlea Mama na mimi nilituma kadi za maua. Kwa hiyo sikwambii tena kuhusu viporo kama mtu anayegawa vyake. Ni vyako, na ulivifanyia kazi.

Sheria haimjui Mama. Kwenye hesabu zao ile miaka ni nafasi tupu tu. Lakini safari hii upofu huo wa sheria umekufaa, kwa sababu inakuruhusu uijaze sasa. Nilimuuliza mhasibu kuhusu kufungwa kwa pesa. Akasema, "Mwambie dada yako kwamba aliyevuka sitini na kuacha kazi yake anaichukua anapotaka. Siyo gereza." Mfuko utakata asilimia kumi na tano. Ukiiacha benki, mtoza kodi anakula karibu theluthi ya kila dola ya kile kiwanja inayohesabiwa kama pato.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu yako kadiri ninavyoijua. Ukitumia viporo vyote, unachookoa pamoja na ulichonacho kinaweza kukushika mpaka pensheni ya serikali, ukifikisha sitini na saba. Maana yake unaweza kuacha mashuka mwaka huu. Usipovitumia, utayakunja miaka mingine minne au mitano. Ndiyo tofauti, Mez. Sikuandikii juu ya kodi, nakuandikia juu ya mashuka.

Mambo mawili ya kuangalia. Kiporo cha mwaka wako wa kwanza na Mama kinachacha Juni hii ikiisha, baada ya hapo hakitumiki tena. Na tarehe 30 Juni mwaka huu ni Jumapili. Benki hazihamishi pesa Jumapili. Kwa hiyo kwa sisi binadamu mwisho ni Ijumaa ya tarehe 28, na lazima pesa iwe imefika kwao siku hiyo, siyo imetoka kwako.

Hiyo kalamu mpya mbona inatetemeka?

Denzil

*

Launceston
Jumapili, 19 Mei 2024

Denzil,

Usishangae mwandiko. Nimevunja miwani, kwa hiyo mimi nasema na Bronwyn anaandika. (Hujambo Denzil. Kuku wanakusalimia. — B.)

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri, jambo ambalo katika ukoo wetu huchukua muda. Hapa theluji imeshakaa juu ya mlima Ben Lomond na mabomba ya bafuni yamegoma mara moja. Kwenye siku ya mashujaa nilikwenda kwenye gwaride la alfajiri, nikamkumbuka Baba na lile koti lake lililokuwa linanuka dawa ya nondo.

Nimewapigia simu watu wa mfuko wangu. Nilisikiliza wimbo mmoja mpaka nikaujua kuliko aliyeutunga. Kisha akaja kijana, mpole sana.

"Mama, ungependa kutumia kiasi gani cha nafasi ulizobakiza?"

"Zote, mwanangu. Sikuja kuonja."

Akacheka. Bronwyn akaingia kwenye akaunti yangu ya serikali, na kweli mle ndani miaka yote imepangwa, kila mmoja na nafasi yake iliyobaki. Niliitazama muda. Unajua miaka ile niliiona kama imepita hivihivi. Kuamka kumgeuza, kumlisha, kumtafutia ile stesheni ya redio. Halafu mtu anakuonyesha kwamba iliandikwa mahali, japo kwa jina lingine.

Basi, nimekubali. Nikifanikiwa, naacha kazi. Nikikosa, nakunja. Nitatuma hundi. Mama alilipa kila kitu kwa hundi mpaka siku ya mwisho na hakuwahi kudaiwa na mtu.

Mez
(sahihi ni yake mwenyewe, maneno ni yangu. — B.)

*

Moonta
Jumatatu, 27 Mei 2024

Dada Mez, na wewe Bronwyn unayesoma,

Tumefurahi mpaka Roslyn ameoka. Ukingo umeshika! Nimempigia picha.

Sasa nisikilizeni wote wawili na hao kuku. USITUME HUNDI. Hundi inapanda ndege, inavuka bahari ya Bass, inalala ofisini kwa mtu, na hiyo ndiyo Juni yenyewe, na katikati yake kuna sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme. Lipa moja kwa moja kutoka benki. Lipa mapema.

La pili, nalipigia mstari mara mbili: pesa ikishafika, uwaarifu mfuko kwa maandishi kwamba utadai nafuu ya kodi, na usubiri wakujibu kwa maandishi. Wakishajibu ndipo upeleke hesabu zako za kodi. Ukipeleka hesabu kwanza, nafuu imekufa na hakuna wa kuifufua. Mhasibu ananiambia kila mwaka kuna mpumbavu mmoja wa Kadina anayefanya hivyo. Nilimwambia, "Wetu anaishi Tasmania lakini ana akili."

Na Mez, mtu aliyevunja miwani huweka sahihi mahali pasipo sahihi, lakini huiweka imenyooka. Yako imepinda. Vidole vina nini?

Langu mimi la viporo linakwenda vizuri, usijali.

Denzil

*

Launceston
Jumanne, 18 Juni 2024

Denzil,

Hatujambo. Baridi kali. Mwandiko bado ni wa Bronwyn, miwani bado.

Hundi niliituma tarehe 11, siku moja baada ya sikukuu. Usianze. Ndiyo njia ninayoijua.

Vidole ni vidole.

Mez

*

Moonta
Jumamosi, 29 Juni 2024

Mez,

Barua hii haitasaidia kitu, na nakuandikia hivyohivyo, kwa sababu Roslyn amenifukuza jikoni.

Pesa imefika au haikufika. Jana ndiyo ilikuwa siku. Nimekupigia simu mara mbili. Ndiyo, mimi. Imelia mpaka imechoka. Nimejaribu kazini kwako, mwanamke mmoja akasema, "Merilyn? Hajaja tangu Jumatano," akakata kabla sijauliza zaidi. Bronwyn sina namba yake, na kuku hawana simu.

Hujawahi kukosa kazi. Hata siku tuliyomzika Mama uliuliza kama zamu ya jioni bado ipo.

Nilikusumbua na hundi, na mstari mara mbili, na tarehe. Haidhuru sasa. Kama pesa haikufika, tutapanga vingine. Fungu langu la kiwanja sikulitia lote kwenye mfuko, na lililobaki sina pa kulipeleka ila kwenye timu ya tatu. Niandikie tu uko hai. Neno moja linatosha. Hata kwa herufi za bango.

Mdogo wako,
Denz

*

Launceston
Jumapili, 7 Julai 2024

Denz,

Niko hai. Barua hii nimeiandika mwenyewe, na imenichukua tangu baada ya kanisa, kwa hiyo iheshimu.

Miwani haikuvunjika. Ni baridi yabisi. Ilianza kwenye vidole viwili, mwaka jana, ikaita wenzake. Ndiyo maana ya herufi kubwa, maana ndogo haziniridhii. Kazini walinihamisha kutoka kukunja hadi kuhesabu, nikasema ni kupanda cheo. Sikutaka kukwambia. Ungekuja na Roslyn na masanduku, mngeanza kunipikia, na ukingo ungefumuka jikoni kwangu.

Sasa hundi. Ilifika kwao vizuri, kabla ya wakati. Lakini ilirudishwa. Tarehe 25 Juni nimefungua bahasha kutoka kwao, nakuta karatasi yangu mwenyewe: benki imekataa kuilipa, sahihi hailingani na ile waliyonayo. Ile waliyonayo niliiweka nikiwa na miaka thelathini na vidole vya kusuka.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma. Nikasema basi, nitakunja mpaka nifike sitini na saba, au vidole viishe, kimoja kitakachotangulia. Bronwyn akanikuta pale. Akaisoma ile karatasi. Akasema, "Vaa koti."

Tarehe 26 asubuhi tuko benki. Binti wa dirishani ananilinganisha na karatasi yake.

"Mama, samahani, sahihi yako imebadilika."

"Sahihi haijabadilika, mwanangu. Mkono ndio umebadilika."

Nikauweka mkono juu ya kaunta. Kwa mara ya kwanza, Denzil, nimemwonyesha mtu bila kuuficha kwenye mfuko wa koti. Akautazama. Akaenda akamwita mkubwa wake, wakatazama leseni yangu ya gari, wakaniuliza jina la ukoo la Mama kabla hajaolewa. Nilipolitaja nikalia kama mtoto, pale mbele ya foleni. Bronwyn akawaambia watu, "Endeleeni, endeleeni." Wakaihamisha pesa moja kwa moja, kama ulivyosema tangu Mei, na usirudie kwamba ulisema.

Nikaenda nyumbani sikutoka tena. Simu niliisikia. Nilijua ni wewe, na nilijua ningepokea ningesema yote, nilikuwa bado sijawa tayari.

Ijumaa jioni Bronwyn akaingia kwenye akaunti. Imefika. Tarehe 28 Juni. Mwaka wa kwanza wa Mama umeingia ukiwa haujachacha.

Barua ya kuwaarifu niliipeleka siku ya kwanza ya Julai, wamenijibu Alhamisi kwa maandishi. Hesabu za kodi nitazipeleka wiki ijayo, kwa utaratibu, kama alivyoagiza mwalimu wangu wa mstari mara mbili. Na kazini nimewaambia. Siku ya mwisho ni tarehe 2 Agosti. Wasichana wa kule wanataka kuninunulia saa. Nimewaambia ninachotaka ni glavu za sufu.

Kumbe usingizi una ladha. Nilikuwa nimesahau.

Lakini wewe mbona hunielezi lako? "Linakwenda vizuri," uliandika Mei, tangu hapo kimya. Umevila viporo vyako?

Dada yako,
Mez

*

Moonta
Jumapili, 21 Julai 2024

Dada Mez,

Barua yako niliisoma kwenye kibaraza, kisha Roslyn akaisoma kwa sauti, na mbwa akaja akatulalia miguuni wote wawili kwa zamu. Herufi zako ni nzuri. Zinasomeka mpaka barabarani.

Tunakuja Agosti. Usipinge. Masanduku mawili tu, na Roslyn ameahidi hatagusa unga. Namba ya Bronwyn naitaka, na kama kuku wake mmoja anaweza kuchinjwa kwa heshima yake nitamlipa, ingawa najua atakataa.

Sasa umeniuliza. Nikuambie kweli, nilikuwa nimeshaanza barua nyingine, ya wiki mbili zilizopita, iliyosema kwamba langu limekwenda salama. Nilikuwa nimefika kwenye salamu za mwisho. Ndipo ikaja hii yako, na mkono wako juu ya kaunta. Nikaichana yangu.

Unajua kila mwaka tarehe mosi Julai mimi huwa wa kwanza pale klabuni kusema, "Nimeshapeleka hesabu zangu." Ni mashindano ya kipuuzi kati yangu na Clarrie, ya miaka mingi. Mwaka huu tarehe mosi ilikuwa Jumatatu. Hupokei simu, hujaandika, kazini hupo. Nilikuwa nazunguka nyumbani kama nzi ndani ya taa. Roslyn akasema, "Fanya kitu chochote, Denzil, ila kaa." Nikakaa. Nikafanya kile ninachokifanya kila tarehe mosi Julai. Nikajaza pato, nikajaza kiwanja, nikadai nafuu ya viporo vyangu vyote, nikabonyeza. Nikaona roho imetulia kidogo.

Jumatano nikaenda klabu.

"Clarrie, nimeshapeleka."

"Na viporo umevidai?"

"Vyote."

"Umewahi kweli. Mfuko wako ulishakujibu?"

"Unijibu nini?"

Clarrie hakutoa leso safari hii. Akavuta kiti akakaa, akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyerusha tufe kwenye uwanja wa jirani. Ile barua ya kuuarifu mfuko, Mez. Ile niliyokupigia mstari mara mbili. Yangu ilikuwa kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku yenye picha ya pasti, haijajazwa hata jina. Hesabu nilipeleka kwanza.

Nikampigia mhasibu. Akasema kwa upole mbaya, "Denzil, unakumbuka nilikwambia kuna mmoja kila mwaka?"

Pesa yenyewe haijapotea. Iko kwenye mfuko, itanisubiri uzeeni, na kwa kuwa sikupata nafuu hawataikata ile asilimia kumi na tano. Viporo ambavyo havijachacha vimebaki mahali pake, nitavila mwaka mwingine nikipata cha kuvilia. Lakini kodi ya kiwanja nitailipa nzima, bila kusamehewa hata senti, na hesabu nimezipeleka upya kwa aibu kamili. Roslyn nilimwambia barua yako ilipofika, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Nami nikaanza kucheka, na nikagundua kwamba nimeweza kucheka kwa sababu moja tu, nilikuwa na barua yako mfukoni. Kama ni mmoja wetu alikuwa lazima akose, ilikuwa haki niwe mimi. Mimi vidole vyangu vizima, na miaka ile sikumgeuza mtu kitandani.

Ndiyo hivyo, dada. Nilikuwa wa kwanza Moonta yote. Clarrie alikuwa wa pili, na Clarrie amerudishiwa kodi.

Mdogo wako,
Denz